Nusu ya Memori ya Kompyuta ya Kanisa

Kanisa letu liko nyuma kidogo ya mtaa wa Bondeni hapa Nakuru, kati ya duka la mbao na kituo cha kuosha magari, na kwa sababu ya majirani hao wawili huwa tuna vumbi la msumeno wakati wa kiangazi na matope wakati wote. Nalitaja vumbi mapema kwa sababu lilikuwa na mkono katika mambo yaliyotokea, ingawa kamati ya kanisa haikulifikiria hata mara moja. Kamati yetu haipendi kufikiria vitu vinavyoonekana kwa macho.

Kompyuta ilinunuliwa kwa harambee. Ilikuwa ya mezani, kasha jeusi refu lenye matundu ubavuni, na kazi yake ilikuwa kurusha ibada mtandaoni, ili waumini wetu wa Dundori, ambao mvua ikishanyesha huko juu hawateremki, watuone wakiwa majumbani. Mjini, mwenye duka aliiwasha mbele ya wajumbe wa kamati akawaonyesha kwenye skrini kwamba ina memori ya gigi kumi na sita. Alijaribu kuwaeleza kwamba memori ndipo kompyuta inapoweka kazi iliyo mkononi, na ikiwa ndogo picha hukwama. Wajumbe waliitikia kwa vichwa kama watu wanaoonyeshwa ng'ombe wa maziwa, wakaipakia kwenye gari.

Jumapili iliyofuata ikawekwa wakfu. Kwetu hakuna kitu kinachoanza kazi bila kupakwa mafuta: cherehani, kioski, spika, pikipiki ya mtu. Kasha likisimama lilikuwa likificha maua, kwa hivyo mwenyekiti wa kamati akalilaza kwenye meza ya mbele, matundu yakitazama juu. Mchungaji wetu naye si mtu wa matone. Aliinamisha chupa, akaombea kila waya na kila betri, na chupa ikabaki imeinama mpaka akasema amina. Akina mama wakapiga vigelegele, kisha wakaifunika kwa kitambaa cheupe walichokifuma wenyewe, kama wanavyofunika kila kitu nyumbani kuanzia redio hadi mikono ya makochi.

Baada ya miezi kadhaa ibada ikaanza kukwama mtandaoni. Mchungaji alikuwa akiinua mkono wa baraka hapa Nakuru, na kule Dundori mkono haushuki.

Mwenyekiti akaamua kuchunguza. Huyu ni mzee aliyestaafu kutoka Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, na ukimsikiliza utadhani alikuwa akiuamuru mvuke utoke ardhini. Ukweli ni kwamba alikuwa karani wa stoo. Miaka yote hiyo ilimfundisha jambo moja tu: kitu kisipoonekana kwenye rafu, kimeibwa. Mtu wa kwaya alimfungulia ukurasa unaoonyesha hali ya kompyuta, naye mzee akasoma kwa sauti: gigi nane.

"Nusu imetembea," alisema. "Na ufunguo wa ofisi uko na nani?"

Swali lenyewe lilikuwa la kujionyesha, maana kila mtu alijua. Ufunguo ulikuwa kwa katibu, mama wa makamo anayeishi katika zile nyumba za zamani za kaunsil. Mama Katibu ndiye aliyekuwa akichapa barua, akifagia ofisi, na kila Jumapili akisoma matangazo kwa sauti ambayo hata waosha magari waliifuata. Hakuna aliyemuuliza kitu. Walimnyang'anya maikrofoni, wakampa mweka hazina, ambaye husoma kama mtu anayetafuna. Mama akaambiwa arudishe memori kabla ya Jumamosi kwisha, la sivyo habari itafika polisi. Hapo suala likawa si kompyuta tena. Suala likawa kama mwanamke huyu ataendelea kupita Bondeni akisalimiwa, au akinyooshewa kidole.

Alikuja kwangu. Mimi huandika habari za mahakamani, na kompyuta yangu nimeifungua mara nyingi mpaka majirani wanadhani ndiyo kazi yangu.

"Hebu niambie," alisema kabla hajaketi. "Hiyo memori iko aje? Wanasema nirudishe, na sijui kama ni kitu ya kubeba kwa mfuko ama kwa mkokoteni."

Nilichomoa moja kwenye mashine yangu nikamwekea kiganjani. Ni kibao chembamba tu, kirefu kama kidole, chenye meno ya dhahabu upande mmoja. Alikigeuza.

"Hii?"

"Hiyo."

"Nimeitwa mwizi juu ya hii kichana?"

Jumamosi asubuhi nilikwenda ofisini pamoja naye, akafungua kwa ule ufunguo ambao hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya, nikamwomba mwenyekiti aketi atazame. Nilitaka shahidi, na nilitaka awe yeye. Aliketi akiwa amekunja mikono, kofia magotini.

"Nani amewahi kulifungua hili kasha, mzee?" nilimuuliza.

"Hakuna. Liko na stika ya duka. Ukitoa stika, waranti imekufa."

"Na stika iko?"

"Si unaiona?"

"Mwizi basi alipitia wapi?"

Alifikiri. Nasema alifikiri kwa sababu alikuna shingo. "Hawa watu wako na njia zao," akasema, bila kumtazama mama aliyekuwa amesimama kando yake.

Nilianza na yale yasiyohitaji bisibisi. Kwenye mipangilio, memori ilikuwa nane, kama alivyosoma. Nikaangalia kama kuna mtu aliyeiwekea kompyuta kikomo cha memori ya kutumia inapowaka. Hakukuwa na kikomo. Nikaizima nikaiwasha tena, nikaingia ule ukurasa wa mwanzo ambapo mashine hutaja vifaa vyake. Kulikuwa na nafasi mbili za memori. Ya kwanza ilionyesha nane. Ya pili iliandikwa kuwa tupu.

"Tupu!" mwenyekiti alisema, kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake hata wakati wa Pasaka. "Si nilisema?"

"Kompyuta imesema haioni kitu hapo. Wacha tuone kama ni kweli."

Nilizima, nikachomoa waya wa umeme, nikatoa wembe. Mwenyekiti alinyanyuka kuitetea stika kwa nguvu ambazo mama katibu hakutetewa nazo na mtu yeyote. Nilimwambia achague, stika ikatwe au twende polisi, na kwa vyovyote mimi nitapata habari ya kuandika. Akaketi.

Nilipoondoa ubavu wa kasha, memori zilikuwa mbili, zimesimama pamoja mahali pake.

"Moja," alisema mama katibu, akinyoosha kidole. "Mbili."

Mwenyekiti aliinama akazihesabu upya. "Labda ameirudisha," alisema.

"Na stika ikiwa bado imebandikwa?" nilimuuliza. "Kwa zile njia zao?"

Nikaendelea kwa utaratibu, maana nilijua bila utaratibu atapata pa kutorokea. Nilichomoa zote mbili. Ile iliyosemekana kuibwa nikaiweka peke yake katika nafasi ya kwanza; kompyuta ikaiona, gigi nane. Nikaitoa, nikaweka ile nyingine katika nafasi ya pili. Mashine ikalia mlio wake wa malalamiko na skrini ikabaki nyeusi. Kwa hivyo memori zote zilikuwa nzima, na ugonjwa ulikuwa kwenye nafasi yenyewe. Nikawasha tochi ya simu.

Ndani ya mfereji wa ile nafasi ya pili mlikuwa na rojo la kahawia, vumbi la msumeno limeshikana na kitu kizito. Nilikwangua kidogo kwa kijiti cha meno nikanusa. Nikampa mama katibu akanusa. Nikampa mwenyekiti. Ilikuwa harufu ya madhabahu yetu, mafuta ya zeituni yenye manukato. Juu ya ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba vifaa vyote, matone yalikuwa yamekauka kwa mistari, sawasawa na mistari ya matundu ya ubavuni.

Nilisafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, nikasubiri pakauke, nikarudisha memori zote mbili nikawasha. Gigi kumi na sita. Mama katibu hakushangilia. Alivuta kiti akaketi, kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Sasa," mwenyekiti alisema akivaa kofia, "hii maneno ya mafuta haina haja itoke hapa."

"Kwa nini?"

"Utaiambia watu aje? Eti upako umeharibu kompyuta? Wengine bado ni wachanga kiimani."

Mtu huyu alikuwa amemshuku mwanadamu bila kusita hata kidogo, lakini chupa alionelea ilindwe. Akamwambia mama katibu afungue ukurasa wa matangazo ya Jumapili, akamsomea maneno naye akachapa: memori iliyokuwa imepotea imepatikana, tunamshukuru Mungu, na waliohusika wamesamehewa. Mama alichapa yote, mpaka nukta ya mwisho. Nilimkasirikia. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba watu wa aina hii ndio huwapa akina mwenyekiti viti.

Jumapili walimrudishia maikrofoni, kama ishara ya upendo, mwenyekiti alisema. Mama alisoma habari za kwaya, akasoma za harusi, akafika pale.

"Memori iliyokuwa imepotea imepatikana." Akakunja karatasi. "Haikuwa imepotea. Ilikuwa ndani ya kompyuta, na stika ya duka haijatolewa. Mafuta ya siku ile ya kuwekwa wakfu yaliingia kwa matundu yakashikana na vumbi. Mwenyekiti alikuwa hapo, alinusa mwenyewe. Nimeambiwa pia niwasomee kwamba waliohusika wamesamehewa. Huo msamaha mimi sina pa kuuweka. Ushirika wa akina mama ni Jumatano, mje na vitabu."

Mtu mmoja alicheka upande wa akina mama, kisha benchi lake lote, kisha kanisa. Mchungaji aliitazama chupa yake pale mezani, akaitisha wimbo. Mwenyekiti alikuwa akichunguza dari kama mtu aliyetumwa kuipima.

Ibada hiyo haikukwama hata kidogo. Dundori waliona kila kitu, picha safi, na simu zilianza kulia mifukoni kabla ya sadaka kukusanywa.

Mwenyekiti alinifuata mlangoni, akanishika kiwiko.

"Boss," alisema kwa sauti ya chini, "hiyo ya leo inaweza kufutwa huko mtandaoni?"

Nilimwambia inaweza, kwa ile kompyuta ya ofisini. Kisha nikamuuliza ufunguo wa ofisi uko na nani.