Samadi ya Shemeji

Nusifa Namono alizaliwa Namatala, Mbale, akaolewa Budondo, kule Jinja, na ukitaka kumuudhi mpaka leo mwambie arudi kwao. Ndivyo Isiko alivyomwambia siku walipomzika mumewe, hata udongo wa kaburi haujakauka. Isiko ni shemeji yake, mwanajeshi mstaafu anayependa kuitwa afande, na ukoo ulimweka awe msimamizi wa mali ya marehemu. Akaisimamia kwelikweli! Bonde lenye nyasi nono akalitwaa yeye. Mjane akaachiwa ng'ombe mmoja na kilima kilichochoshwa na miwa.

Nusifa alilia mpaka machozi yakamwishia, kisha akaapa kwamba bonde lile litarudi kwake.

Asubuhi moja alifika zizini kwa Isiko na karai. "Afande, naomba hii mavi ya ng'ombe."

Isiko akacheka mpaka akashika mbavu. "Chukua yote, shemeji. Mimi sina kazi nayo."

Basi akachukua. Kila siku alipita katikati ya senta, pale penye maduka, karai kichwani, uchafu ukimchuruzika shingoni, na wanaume waliokuwa wakicheza karata wakajiziba pua. Ng'ombe walilila bonde mchana, wakaliangusha zizini usiku likiwa mavi, na asubuhi Nusifa akalihamishia kilimani kwake. Isiko hakuliona hilo kwa kucheka.

Kilimani alimwaga samadi, akapanda matete, na katikati yake desmodiamu, majani yanayotambaa, jamii ya maharage, yanayorutubisha udongo na kumwongezea ng'ombe maziwa. Akagawa malisho kwa kamba za katani. Upande mmoja ukiliwa, mwingine unapumzika. Hakumwacha ng'ombe agugune mpaka mzizi, wala hakuacha nyasi zikomae zikawa kuni.

Bondeni, ng'ombe wa Isiko walishinda palepale mwaka mzima, bila samadi, bila nafasi ya kuchipua. Nyasi tamu zikaisha, zikabaki zile kavu zinazojaza tumbo na kuacha mbavu nje. Maziwa yakakatika. Nusifa alipita akitazama, roho yake ikiburudika.

Kiangazi kilichopita Isiko alikuja mwenyewe, macho chini. "Shemeji, bonde imekufa, na ng'ombe zangu hazina mavi tena. Nisaidie samadi ya zizi lako."

"Bonde haijakufa, afande. Iko hapa, mimi nasimama juu yake." Akamtupia karai lilelile. "Utabeba kwa kichwa. Na utapita senta."

Akabeba. Wanaume wa senta wakaacha karata zao. Nusifa alimfuata nyuma mpaka bondeni, akamtazama akimwaga, shati limelowa, akihema. Alidhani hapo moyo wake ungetulia. Wapi!

"Shemeji," Isiko akauliza, "sasa imetosha?"

Nusifa alilitazama bonde, kutoka mtoni mpaka barabarani, kisha akaokota karai akamrudishia mkononi.

"Hata kona moja haijajaa. Kesho uje mapema."