Baragumu la Fundi Cherehani

Kanisani kwetu, mtaa wa Troyeville huku ugenini, mimi ndiye mpiga baragumu. Sisemi hivyo kwa kujivuna. Au basi, nasema kwa kujivuna. Mapepo yakiwa sugu, pasta ananiita mbele. Siku za kazi nilikuwa mlinzi katika jumba dogo la makumbusho, kazi ya kusimama na kuwaambia watu wasiguse.

Ndani ya kabati moja la kioo kulikuwa na baragumu la kale la Wayahudi, pembe ya kondoo dume iliyopauka kwa uzee. Bibi mmoja Myahudi, mwembamba, mwenye mkongojo, alikuwa akija kila Jumatano kuitazama. Jumatano moja aliniambia ilikuwa ya marehemu baba yake, fundi cherehani wa mtaa wa Doornfontein, aliyeipuliza sinagogini kila mwaka mpya wao. Alitaka kuisikia mara moja tu kabla hajafa. Alikuwa ameandika barua mbili ofisini, akajibiwa kwamba vitu vya makumbusho havipulizwi.

Mtu mwenye akili angempa pole. Mimi nilimwambia, kwa neno wanalowaitia bibi huku, "Gogo, umefika." Msimamizi alikuwa ametoka kununua chipsi, na ufunguo wa kabati ulikuwa kiunoni mwangu.

Nilipuliza kama ninavyopuliza Jumapili, pumzi moja ndefu, mpaka vioo vikatetemeka. Chumba cha pili ndoo ikaanguka. Dada wa usafi, Mkongo mwenzangu wa Lubumbashi na muumini mwenzangu, alikuwa amepiga magoti ndani ya maji ya sabuni.

"Bwana Yesu, ngoja kwanza! Wifi yangu siyamusamehe bado!"

"Dada, ni miye tu!"

Alinitazama kwa hasira ya mtu aliyeahirishiwa mbingu.

Nikamgeukia bibi, nikingoja sifa. Akatikisa kichwa.

"Unapiga vizuri mno," alisema. "Baba alikuwa na pumu."

Niliudhika. Mimi, niambiwe nipige vibaya? Hata hivyo nikajaribu. Nilikohoa ndani ya pembe, nikakata pumzi katikati, nikapuliza kwa upande mmoja wa mdomo. Kila mara alitikisa kichwa kwa upole, kama mwalimu wa hesabu aliyekwisha kata tamaa. Kupiga vibaya ni kazi, nawaambia.

Mara ya nne nilikuwa katikati ya pumzi mlango ulipofunguka, msimamizi akasimama pale na chipsi zake mkononi. Pumzi ikanikatika. Pembe ikatoa mlio wa mbuzi anayenyongwa, ukavunjika, ukainuka kidogo, ukafa.

Bibi alifunika uso. "Huyo," alisema. "Huyo ndiye baba."

Barua ya onyo ninayo mpaka leo, na wala siionei haya. Msimamizi alifoka sana, na haki alikuwa nayo, lakini sikumsikia vizuri kwa sababu bibi alikuwa ameng'ang'ania mkono wa shati langu, akinieleza huku analia. Kila mwaka baba yake alipokwama katikati, watoto wa sinagogi walikuwa wakicheka. Aliyekuwa akianza kucheka ni yeye, binti yake.