Benchi Lisilonyonya Maji

Jamani, ningejua lile benchi ni la nini, ningelichoma moto hapa hapa uani kwangu.

Siku nne nimeshinda nalo. Mbao za mringaringa, nzuri ajabu. Nimelisugua kwa majani ya msasa, nikalipaka maji ya magome ya kuchemsha mpaka likawa jekundu, halafu nta ya nyuki mara tatu.

Askari aliyeniagiza alisisitiza jambo moja tu: "Fundi, lisinyonye maji."

Nikadhani ni la barazani kwa Mjerumani. Mvua za Meru mnazijua.

Na mimi kwa kujidai, leo asubuhi nimelifikisha bomani, nikalimwagia maji mbele ya watu. Yakateleza yote. Watu wakacheka, nami nikacheka.

Halafu wakamleta shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kosa lake, alikataa kwenda kulima barabara ya Mjerumani.

Wakamlaza juu ya benchi langu. Viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano.

Nilisimama pale pale. Nani angeniruhusu kuondoka?

Walipomshusha, yule askari akapitisha kitambaa juu ya damu mara moja tu. Benchi likang'aa. Akanigeukia, tena kwa heshima: "Kazi safi, fundi. Tutengenezee la pili."

Nimerudi nyumbani. Mke wangu ananipakulia chakula, habari bado hazijamfikia. Ameniuliza tu, "Wamelipenda benchi?"

Nyie mngemjibu nini?