Mtani Aliyeandika Kanuni

Zelipa Jere alikuwa mwanamke wa kucheka, jambo ambalo watu hawakulitegemea kwa mshika sheria. Katika kampuni moja ya ushauri wa maji na barabara pale Lusaka, yeye ndiye aliyeshika mambo ya wafanyakazi: nani aajiriwe, nani aende likizo, nani aitwe aulizwe. Mngoni wa Chipata, mwili umejaa, sauti ya kusikika hadi getini. Na kila asubuhi, kabla hajaweka mkoba chini, alitukanwa.

Mtukanaji alikuwa Kapambwe, mpima ardhi wa kampuni, Mbemba wa Kasama, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Alikuwa akisimama mlangoni kwa Zelipa, kofia ya kazi kwapani, akimwita kwa "Ba" ya heshima kabla ya tusi.

"Ba Jere! Hebu fungua kinywa. Mkia wa panya umebaki menoni."

"Nenda zako, mla nyani. Jana nimemkuta ndugu yako juu ya mti analia, anasema umemla shangazi yake."

"Mtumwa wa babu yangu, unanijibu?"

"Babu yako yupi? Yule aliyekimbia mkuki wa Wangoni akamsahau mkewe?"

Hapo Kapambwe alicheka mpaka akakohoa, kisha akaenda kazini. Nyie mnaoujua utani mmeshaelewa: hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, Mngoni kuchekwa kwa kula panya na Mbemba kwa kula nyani. Wangoni na Wabemba walichinjana zamani, na vita vilipokwisha kila upande ukabaki ukisema ndio ulioshinda, hadi ubishi ukageuka udugu. Mtani hakasirikiwi. Mtani ndiye anayekwambia ukweli kichwa kikikuvimba, na siku ukifa ndiye anayekuja kukucheka ili wafiwa wapumue.

Sasa, kanuni hazikuja kwa ubaya, tusije tukamwonea mtu. Chumba cha wachora ramani kilikuwa na binti mmoja wa Kiluvale, kabila linalosingiziwa uchawi, mpole, mkono wake mwepesi kwa kazi. Mhandisi mmoja, ambaye hata hakuwa mtani wake, akamzoea vibaya. Kalamu ikipotea: "Mluvale, umeiroga?" Gari likikataa kuwaka: "Muulizeni Mluvale." Akiambiwa aache, anajibu, "Aa, utani tu huo." Binti alivumilia, akavumilia tena, na asubuhi moja akaweka ufunguo wa meza juu ya kiti akaondoka. Zelipa alimfuata hadi kwao. Binti alimpa maji ya kunywa kwa heshima zote, akamwambia, "Mama, nyie wote mlikuwa mnasikia."

Maneno hayo yalimkaa Zelipa kama mwiba wa samaki kooni. Ndiyo maana Akapelwa, mkurugenzi, mtu wa kabila la Walozi na wa maneno machache, alipomwambia aiandikie kampuni kanuni za maadili na mwenendo, aliandika kwa moyo wote. Aliandika habari za zawadi za makandarasi, habari za kuwapa ndugu kazi, habari za siri za wateja. Alipofika kwenye matamshi ya kazini akamkumbuka yule binti, akaandika kwamba ni marufuku kumtaja mtu kwa kabila lake kwa dhihaka, hata kama msemaji anadai ni utani.

Siku ya kuzisoma, wote walikusanyika ukumbini. Kapambwe akanyoosha mkono.

"Ba Jere, na sisi watani wenyewe je? Tuje kuomba kibali?"

Watu wakacheka, Zelipa naye akacheka. Lakini kando ya dirisha alimwona yule mhandisi ametega sikio, anangoja mlango ufunguliwe kidogo tu apenye.

"Sheria ni msumeno, Ba Kapambwe," akasema. "Hukata mbele na nyuma."

"Basi ulimi wangu naupeleka likizo!"

Hakuupeleka. Kesho yake alikuwa mlangoni na tusi lake la mkia wa panya kama kawaida, na Zelipa akamjibu kama kawaida. Mwezi haukuisha, mhandisi akapeleka malalamiko kwa mkurugenzi. Amemsikia Kapambwe kwa masikio yake, alisema. Au kanuni zina wenyewe? Akapelwa aliyaweka malalamiko mezani kwa Zelipa na kumwambia, "Wewe ndiwe uliyeandika. Amua." Zelipa akaona kwamba akimwachia Kapambwe, kesho mhandisi atampata binti mwingine. Akatia saini barua ya onyo.

Kapambwe aliisoma akiwa amesimama.

"Umetia saini wewe mwenyewe?"

"Nimetia."

Akangoja. Zelipa alijua anangoja nini: tusi moja tu, "chukua karatasi yako, mla nyani," na yote yangekwisha kwa kicheko. Akaisogeza kalamu, akainyoosha sambamba na ukingo wa meza.

"Asante, Madam," Kapambwe akasema.

Tangu siku hiyo alipita kila asubuhi bila kusimama. "Habari za asubuhi, Madam." Salamu safi, haina kosa katika kifungu chochote. Zelipa akaanza kufika mapema na kuuacha mlango wazi. Siku moja alinunua sokoni panya wakavu, wale wanaouzwa wamebanwa kwenye vijiti, akawapanga mezani mikia ikiwa imeelekea mlangoni. Kapambwe alipowaona midomo ilimcheza. Akasimama.

"Habari za asubuhi, Madam," akasema, akaenda zake.

Kwa nini asianze yeye? Alijiuliza mara nyingi. Lakini mwenye kanuni ulimi wake huwa mzito, na chumba cha mhandisi kilikuwa ng'ambo ya ukumbi.

Jumapili moja Kapambwe alianguka bafuni kwake, hakuamka tena.

Jumatatu asubuhi Zelipa alikuwa ameinamia makaratasi. "Habari za asubuhi, Madam."

"Nzuri, Ba Kapambwe," akajibu, kwa sauti kubwa, kabla hajakumbuka. Alipoinua kichwa ukumbi ulikuwa mtupu. Mhandisi peke yake alikuwa amesimama kwenye mlango wake, anamtazama.

Jumanne vivyo hivyo, ila safari hii alijizuia kujibu, na sauti ikaja mara ya pili, kama ya mtu anayedhani hakusikika. Haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa na hasira. Zelipa alifunga mlango, akakitoa kile kifungu ili akilegeze. Alikiandika hivi, akakifuta, akakiandika vile. Kila tundu alilolikata ili Kapambwe apite, mhandisi naye alienea. Akakiacha kama kilivyo.

Siku hiyo jioni alikwenda msibani. Wanawake walikuwa wameketi sakafuni kumzunguka mjane, aliyeitwa Bana Chola kwa jina la mwanawe wa kwanza. Zelipa aliingia akipiga magoti, machozi yakamshinda. Shangazi wa marehemu akamkazia macho.

"Huyu si yule Mngoni? Mbona analia? Tangu lini mtani akalia msibani? Ametumaliza kabisa huyu!"

"Mwacheni, shangazi," Bana Chola akasema. "Hawa walikatazana."

Akamvuta Zelipa karibu, akasema chini chini. "Alikuwa akiniambia, Mngoni wangu amenitia kufuli mdomoni. Nikamwambia, si uende ukamwambie mwenyewe? Akasema, ataniandikia barua ya pili." Akanyofoa uzi uliochomoza kwenye kitenge chake. "Kesho tunamzika. Usipomtania ataondoka mdomo umefungwa. Na mtu aliyefungwa mdomo, dada, sijui huwa anakwenda wapi."

Zelipa alijua. Huja ofisini.

Makaburini kampuni nzima ilihudhuria, wamevaa mashati ya kazi, Akapelwa mbele, mhandisi na miwani yake myeusi. Jeneza likawekwa ukingoni. Mchungaji alipokohoa ili aanze, Zelipa alivua viatu, akawapa wachimba kaburi mikono, wakamteremsha. Akakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha.

"Huyu hazikwi!" akapiga kelele. "Huyu ni mtumwa wetu! Nani amempa ruhusa ya kufa, na maji hajanichotea?"

Akapiga udongo kwa kiganja.

"Mla nyani mkubwa! Mwoneni mvivu, watu wako kazini yeye amelala mchana! Nyani wa Kasama leo wanacheza ngoma!"

Aliinua macho. Nyuso zilikuwa zimelizunguka shimo, na wafanyakazi wote walikuwa wakitazama viatu vyao. Wabemba wa ofisini, ambao zamani wangegaragara kwa kicheko, walimtazama mkurugenzi, wakamtazama mhandisi, wakafumba midomo. Hawakumchukia. Waliogopa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewasomea kile kifungu, neno kwa neno. Sauti yake iligonga kuta za udongo ikamrudia peke yake, na karibu kabisa na sikio lake alisikia mtu akivuta pumzi, kama anayetaka kujibu, kisha akajizuia.

"Sitoki!" akasema. "Nijibiwe kwanza!"

"Mama Jere," Akapelwa akainama. "Njoo juu, tafadhali."

"Sitoki, mkurugenzi. Niandikie barua."

Wanawake wakasukumana huko juu. Bana Chola alijipenyeza, kitambaa cha ufiwa kichwani, akajishika kiuno akachungulia shimoni.

"Toka humo, mla panya wewe! Umeona shimo ukadhani la panya? Hiyo ni nyumba ya mume wangu! Nenda kachimbe kitoweo chako kwingine!"

Shangazi ndiye aliyeanza, kicheko kikamtoka puani. Kisha mchora ramani mmoja. Kisha wote, wakashikana mabega, wakafuta macho. Akapelwa alijificha uso kwenye leso na mabega yakawa yanamtikisika. Mhandisi aligeuka akaenda kungoja garini. Mjomba wa marehemu alimtupia Zelipa sarafu, haki ya mtani, na wachimba kaburi wakamvuta juu, gauni limejaa udongo.

Jeneza likashuka. Zelipa hakulia, kwa kuwa mtani halii. Alisimama bega kwa bega na Bana Chola, wakasikiliza majembe.

"Sasa atakwenda?" akauliza.

Bana Chola alikaza kitambaa chake. "Mimi nilikuwa mkewe tu," akasema. "Aliyemfunga ni wewe. Wewe ndiye wa kusikia kama amefunguka."

Watu wakaanza kuelekea kwenye magari, huku wakirudiana habari ya shimo la panya na kucheka upya. Zelipa alibaki pale peku, kichwa amekiinamisha upande kuelekea kwenye udongo mpya, kama mtu anayedhani ameitwa na hana hakika.