Baiskeli ya Mfaransa na Buluu ya Kufulia

Nyinyi wenye mlichuma kahawa na mama zenu kule Kalimoni, mmebeba debe inawashinda ukubwa, mtanisaidia kukumbuka hii. Vijana wakitaka wakae waskize, wakichoka warudi kwa simu zao. Enzi hiyo yetu asubuhi ilikuwa na baridi ya kuuma vidole, nyasi imelowa mpaka magoti, na kwa kiondo ya mama kuna ngwaci mbili, viazi vitamu, na chupa ya uji imezibwa na gunzi la mahindi. Shule nilienda mpaka la tatu, halafu mtoto wa mwisho akazaliwa na mimi nikawa wa kumbeba. Sikulia sana. Mwalimu alikuwa na kiboko kirefu na mimi nilikuwa na mdomo mrefu, hatungefika mbali.

Lakini kitu nataka kuwaambia ni baiskeli ya baba.

Baba alikuwa anafanya kazi kwa mashine ya kumenya kahawa, kwa shamba ya Mfaransa mmoja mfupi, mtu wa kupenda baiskeli kuliko chakula. Huyo mzungu akirudi kwao kabisa aliuza ng'ombe, akauza gari, lakini baiskeli akamwachia baba, kwa sababu baba ndiye alikuwa anaisafisha. Nayo haikuwa Black Mamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya watu wengine. Ilikuwa buluu kama mbingu ya Disemba, nyepesi mpaka baba anaibeba na mkono moja, magurudumu nyembamba, na usukani imejikunja kama pembe za kondoo dume. Ilikuwa na gia tano na kijiti kidogo cha kuzibadilisha. Wanaume wa Black Mamba walimchekanga barabarani. "Baba Wairimu, hiyo ni baiskeli ama ni mwavuli?" Baba anainama, anasukuma hiyo kijiti, na kufika mlima ya kwenda Thika wao wameshuka wanasukuma kwa miguu, yeye ameshapotea kwa kona.

Kila Jumamosi saa nane anaipindua kwa gunia, magurudumu inaangalia juu. Mimi ndiye nashika kitambaa. Anafungua kila kitu isipokuwa kiti, na kupanga kwa gunia vile imetoka, ya kwanza mpaka ya mwisho, na ukikanyaga hiyo laini utalala bila githeri. Tunaosha na mafuta ya taa, tunapaka grisi. Sasa pale chini, penye pedali zinazungukia, Black Mamba upande moja hufunguka kinyume, kila fundi anajua. Ya Mfaransa hapana. Baba alikuwa ananiambia, "Wairimu, hii ni ya watu wengine. Pande zote mbili, fungua kama chupa ya mafuta." Aliniambia hivyo kila Jumamosi, kama hajawahi kuniambia.

Kushika kitambaa nilikubaliwa. Kupanda, hapana. Mama alikuwa anasema msichana wa kurusha mguu juu ya hiyo chuma, hakuna mtu atakuja kumuulizia kwa hii boma. Baba yeye hakusema kitu, alinyamaza tu, na kwetu baba akinyamaza ni kama sheria imepita.

Na mimi nikaipanda. Niliipandanga Jumapili mchana, wao wakienda kuona wagonjwa wa kanisa. Nilikuwa na kama miaka kumi na tano na nilikuwa nimerefuka kama mama, nikampita baba. Kiti chake kilikuwa chini kabisa. Nalegeza nati, nakivuta juu kama vidole vinne, nafunga, naenda. Baba alikuwa amekata alama ndogo na tupa kwa ile chuma inashikilia kiti, ndio kiti kisipotee mahali pake. Nikirudi nakishusha hapo hapo kwa alama. Nilijiona mjanja sana.

Jumapili moja nikashuka na ile mteremko ya kwenda mtoni, rinda nimefunga kwa kiuno, kuku za watu zinaruka huku na huku. Wacha niwaambie, hakuna bwana alishawahi kunipa furaha kama hiyo mteremko. Halafu gurudumu ya mbele ikapata shimo. Mimi nikaenda kwa kahawa, baiskeli ikaenda kwa mawe. Goti ilipasuka lakini goti hupona. Ile chuma ya juu ilikuwa imekwaruzwa kama urefu wa kidole, buluu imetoka, chuma inang'aa kama jino.

Nikakaa hapo nikitingisha kichwa. Halafu nikakumbuka mama ana buluu ya kufulia mashati meupe. Nikaikoroga na mate na mafuta kidogo ya kupika, nikapaka. Kwa macho yangu ilikaa sawa kabisa.

Jumamosi ikafika. Baba akachukua kitambaa yenye mafuta ya taa, akapanguza ile chuma ya juu, na kitambaa ikatoka buluu. Akaiangalia. Akapanguza tena, ikatoka buluu tena. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na goti imefungwa, nangoja radi. Baba akakunja kitambaa, akasema, "Leta grisi." Basi. Hakusema kingine siku hiyo, wala mwaka huo, wala mpaka siku tulimzika.

Mimi sikuipanda tena. Nikaolewa Gatongora, nikazaa, nikalima, nikauza mboga. Baba na mama wakaenda, baiskeli ikaletwa kwangu, ikaning'inia kwa store nyuma ya magunia. Na kila nikienda kuchota maharagwe naiona na ile mkwaruzo, na najiuliza kama baba alikufa akijua msichana wake alikuwa mwongo.

Sasa mjukuu wangu, msichana wa kwanza wa kijana yangu, anaitwa Wairimu kwa sababu ndiyo desturi yetu, yeye ni mimi. Na ni mrefu kama mimi. Yeye na wenzake huenda na baiskeli kila wikendi, kofia kubwa kama uyoga, suruali imewakaba, na simu ya kuwaambia wameenda mbali namna gani. Sisi tulikuwa tunajua tumefika kwa sababu tumefika. Siku moja akaingia store kutafuta jembe akatoka na macho makubwa. "Shosho, unajua watu Nairobi wanatafuta hizi kama dhahabu?" Baba yake akamwambia hiyo ni chuma kuukuu tu, nafasi inahitajika ya kuku. Wakakubaliana hivi: fundi aijaribu, na ikishindikana, mtu wa kununua chuma hupita Jumatatu.

Fundi wetu ni Oduor, mtu wa Siaya mwenye amekaa hapa mpaka Kikuyu chake kinashinda cha watoto wangu. Wairimu akampelekea, na mimi nikafuata na stuli yangu. Oduor akafungua kila kitu vizuri, lakini pale chini pakakataa. Akaweka spana upande wa mnyororo, akavuta vile huwa anavuta zile zingine, ikalia kama paka. Akachukua bomba ya kuongezea spana nguvu. "Shosho, hii imeshikana na kutu," akasema. "Ikipasuka usinilaumu."

Nikaona Jumatatu inakuja.

"Oduor," nikamwambia, "unaifunga."

Akacheka. "Mama, mimi nimefungua baiskeli tangu nikiwa na nywele."

"Za watu wa hapa. Hii ni ya watu wengine. Fungua kama chupa ya mafuta, pande zote mbili."

Aliniangalia hivi, akamwangalia Wairimu, akageuza spana kwa kunifurahisha tu. Akavuta mara moja, mara mbili, ikaachilia. Akaweka spana chini. Halafu akauliza, "Mama, kwa nini hukusema ulikuwa fundi, nikalala nyumbani?"

Kilichobaki kilikuwa kiti. Kilikuwa chini kwa alama ya baba, vile nilikiacha, na kutu imekishika. Oduor akakimwagia mafuta, akakipinda polepole, kikatoka na ile chuma yake yote. Wairimu akaipanguza na kitambaa. Akasema, "Shosho, hapa kuna alama mbili."

Nikamwambia ni moja, mimi naijua. Akaniletea. Ile ya baba ilikuwa pale pale. Na chini yake, mahali pa kufichwa ndani ya chuma wakati kiti kimeshuka, kulikuwa na nyingine, imekatwa na tupa, nyoofu, safi, kazi ya mkono wake. Nikaweka vidole katikati ya hizo alama. Vikaingia vinne.

Alikuwa amenipimia. Alinikatia alama yangu akaningoja nivute kiti niione, na mimi mjinga sikuvuta tena.

Wairimu akauliza kiti kikae wapi. Nikamwambia hapo kwa ya pili, hapo ni pa Wairimu. Akapanda, miguu ikafika vizuri, akaenda mpaka Thika akarudi kabla chai ipoe. Siku hizi wazazi wanaambia watoto kila kitu, nakupenda asubuhi, nakupenda jioni, na mimi nafurahi kuisikia. Sisi tulikuwa tunaambiwa na tupa, na mimi nilichukua miaka yote hii kusoma laini moja.

Oduor alitaka kupaka rangi kwa ule mkwaruzo. Nikamwambia awache, hapo palishapakwa.