Mwandishi Niliyemkana Mutsamudu

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu alikuwa akisema hata chumvi naionja kwanza ndipo niamini kuwa ni chumvi. Kwa hiyo jirani yetu wa Tanga, mama mmoja wa Kingazija, aliponiambia kuwa mwandishi wa kitabu changu cha utotoni yu hai, tena yuko visiwani kwao, sikumwamini. Nilimuuliza siku ile, nikamuuliza tena baadaye kwa maneno mengine, kama hakimu. Jibu lake halikubadilika: Mwalimu Hamidu yuko Mutsamudu, kaoa huko, kazeeka huko.

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, na ndicho nilichojifunzia kupenda kusoma. Kilihusu jini wa kisimani aliyeiba ubao wa msichana wa shule kwa sababu naye alitaka kujua kusoma. Msichana akamgundua, akawa anamfundisha kwa siri. Mwishowe watu wazima wakajua, wakakifukia kisima na jini yumo. Nililia, nikakisoma tena, nikalia tena. Mwalimu Hamidu alikiandika alipokuwa akisomesha Unguja, kabla Wangazija wengi hawajarudi kwao, na tangu hapo hakikuchapwa tena. Sasa mimi mwenyewe ni mwalimu. Mchapaji mmoja wa Dar es Salaam alikubali kukitoa upya, mradi mwandishi aridhie kwa kinywa chake. Basi nilisafiri kuifuata ndiyo ya mzee mmoja, na moyoni nilitaka pia kumuuliza kwa nini alimfukia yule jini.

Moroni tulishuka kwenye ndege jua likiwa kali na mawe meusi ya volkano yakitoa joto chini ya viatu. Uhuru wao ulikuwa bado mchanga. Serikali ya mapinduzi ilikuwa imewaachisha kazi makarani wazima na kuwakabidhi wanafunzi nchi waiendeshe. Uwanjani nilikaguliwa na kijana ambaye kwetu ningemtuma akaniletee chaki. Alinirudishia pasi yangu kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Asubuhi yake nilikwenda ofisi ya elimu. Nilidhani nitauliza jina, nifunguliwe jalada, nioneshwe mtaa. Karani, naye mwanafunzi, alinyanyua mabega.

"Majalada yalichomwa, bibie. Tumeanza upya."

"Na walimu wa zamani?"

"Wa zamani ni wa zamani," akasema, kisha akaniuliza nimefikia kwa nani. Nilimtajia mtaa tu, Badjanani, jina la mwenyeji nikalimeza.

Mwenyeji wangu alikuwa Bweni Mariamu, dada wa yule jirani yetu wa Tanga. Bweni ndivyo wanavyomwita mwanamke wa heshima zake. Nilimlalamikia kwamba watu wa mji wake wananificha. Kutwa nzima nilikuwa nimeuliza nyumba ya Mwalimu Hamidu wa Mutsamudu iko upande gani, na kila niliyemuuliza alijibu kwa ufupi: hana nyumba. Mmoja alicheka kabisa. Nikaona hapa kuna njama.

Bweni Mariamu naye akacheka, lakini kwanza aliinuka akafunga dirisha.

"Dada yangu, wamekwambia kweli. Kwetu mwanamume hana nyumba. Nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea bintiye, mume akaja na sanduku lake. Ukitaka kumpata mwanamume, uliza mkewe ni nani."

"Na mkewe ni nani?"

"Zalihata. Lakini usimuulize kwa sauti." Akanimiminia chai. "Siku hizi hata harusi tunazisema kwa kunong'ona. Vijana wamepiga marufuku harusi kubwa, wanawavua wanawake buibui, wanawakamata waganga. Juzi wamempitisha mzee mmoja barabarani, kichwa wamemnyoa, hirizi zake wamemvisha shingoni, watoto nyuma yake wanapiga makopo. Kitabu chako kina nini ndani?"

"Kina jini," nikasema.

Bweni Mariamu alikwenda kulijaribu tena komeo la dirisha. Aliniwekea mkate wa kumimina, nami nikaula nikiwaza kuwa huenda anatia chumvi.

Kutoka Moroni hadi kisiwa cha Nzwani, ulipo mji wa Mutsamudu, nilipanda ndege ndogo iliyobeba watu wachache na vifaranga wengi. Tulishuka Wani, mwendo mfupi kutoka Mutsamudu, na upepo uliotupokea ulinukia langilangi na karafuu. Meza ya ukaguzi ilikuwa chini ya turubai. Mwenyekiti wa kamati ya vijana alikuwa msichana wa shule ya sekondari, jina lake Rahima, mwembamba, nywele wazi, kalamu sikioni. Alinisemesha kwa Kiswahili safi cha mjini Unguja, maana ndiko alikoanzia shule kabla wazazi wake hawajahama. Nilifurahi kusikia lugha yangu, na furaha ikanilegeza ulimi.

Alikitoa kitabu mkobani mwangu. Jaladani pana picha ya jini, macho makubwa, ubao kifuani.

"Hiki nini?"

"Kitabu cha watoto. Hakina ubaya. Mwandishi wake ni mtu wenu, yuko hapa hapa Mutsamudu, nimekuja kumtafuta."

Mdomo uliniponza. Mimi niliyemshuku hata jirani yangu wa Tanga, nikamwaga kila kitu mbele ya mtu nisiyemjua kwa kuwa tu alitamka maneno kama sisi. Rahima alikifungua, akasoma kidogo, akakiweka upande wake wa meza.

"Utakipata baadaye, mwalimu. Karibu Mutsamudu."

Mji wa kale wa Mutsamudu umebanana chini ya ngome, vichochoro vyake vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani. Nilimuulizia Zalihata kwa mwanamke aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, kwa sauti ya chini kama nilivyofundishwa. Alinitazama viatu kwanza, kisha akaninyooshea kidole mlango wa mbao uliochongwa maua.

Zalihata alikuwa mama wa umri wa bibi, msindano, ile sandali ya kusagwa wanayojipaka usoni, umemkauka mashavuni, shiromani lake, lile vazi jekundu la wanawake wa huko, limekunjwa begani badala ya kujifunika. Nilimwamkia kwa heshima ya kwao, kama shikamoo ya bibi kwetu.

"Kwezi, koko."

"Mbona," akaitikia, ndiyo marahaba yao, uso ukachanua. Alinikalisha, akaniletea maji, akaniuliza habari za Unguja mtaa kwa mtaa. Mumewe alikuwa kwa dada yake, mji wa jirani wa Mirontsy, angerudi baada ya alasiri. Wangapi wangenikaribisha hivi bila kunijua? Nikaanza kuona haya kwa shaka zangu. Ndipo nikamweleza nilichokifuata, na kwamba kitabu kimebaki Wani.

Uso wake ukafungwa kama duka saa ya sala.

"Umewaonyesha? Na jina umewatajia?"

"Jina limo jaladani, koko."

Aliitwaa gilasi ya maji kabla sijaimaliza. "Mume wangu hakuandika kitabu. Mume wangu alikuwa akisomesha hesabu. Sasa nenda, mwanangu, upite mlango wa nyuma."

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja na ugonjwa mkobani. Nililala kwa jamaa wa Bweni Mariamu mtaa wa Hombo, na usingizi haukunijia. Niliogopa. Sikuwa nikiogopa kwa ajili yangu, maana mimi ni mgeni, ningepandishwa ndege basi. Niliogopa kwa sababu ushahidi pekee dhidi ya yule mzee nilikuwa nimeubeba mimi, kwa mapenzi, kutoka Tanga.

Asubuhi nikaitwa. Kamati ilikuwa imekaa katika darasa, madawati yamesogezwa ukutani. Rahima alikaa kwenye meza ya mwalimu, kitabu mbele yake. Kando alisimama mzee mrefu, kofia yake mkononi, ndevu nyeupe. Kwa umri wangu wote nilikuwa nimemwaza mtu huyu, na sikuthubutu hata kumwamkia.

"Mzee Hamidu," Rahima alisema, "wewe ndiye uliyewaandikia watoto habari za majini?"

"Siye mimi."

"Jina ni lako."

"Unguja Mahamidu walikuwa wengi kuliko kunguru. Huyo namjua. Alikufa. Nilikuwepo mazishini."

Rahima akamsukumia kitabu. "Basi kama si chako, kiseme ubaya wake. Hadharani."

Mzee alivaa miwani. Alikifungua mwishoni moja kwa moja, na vidole vyake vikatulia juu ya ukurasa ule. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa tena ya mtuhumiwa.

"Ubaya wake ni kuwa mwandishi alikuwa mwoga. Tazameni. Amemfundisha jini kusoma kurasa zote hizi, halafu watu wakija na majembe anawaacha wamwage udongo. Na msichana? Anamrudisha nyumbani kwao akale chakula! Msichana gani huyo? Mtoto aliyegawa ubao wake hawezi kwenda kula. Angekaa ukingoni mwa kisima na kitabu chake, asome kwa sauti, aliye chini asikie. Wamwage wakitaka, lakini wamwage juu yake. Nani angethubutu? Wangeshusha majembe mmoja mmoja. Hivyo ndivyo ingekuwa, lakini mwalimu mkuu alisema watoto lazima wafundishwe kutii."

  Habari ya mwalimu mkuu haimo kitabuni.

"Umejuaje alichosema mwalimu mkuu?" Rahima aliuliza taratibu.

"Nakisia," mzee akasema, akavua miwani. Akaendelea upesi, kwa ukali, akinitazama mimi safari hii: "Huyo kafa, hana mrithi wa kudai kitu. Anayetaka kukichapa na akichape, ila amrekebishie mwisho wake wa aibu."

Nilikuwa nimevuka bahari kuifuata ndiyo, nikapewa katika umbo la tusi. 

"Mgeni," Rahima alinigeukia, "mtu uliyemfuata ni huyu?"

Nilitaka kusema ni yeye. Nilitaka kumwinukia na kumshika mkono mbele ya wale watoto wenye nchi. Badala yake nikamtazama kutoka ndevuni hadi miguuni, kama mtu anayekagua samaki aliyelala.

"Huyu? Hata. Mwalimu wangu alikuwa mfupi, mnene, ana kovu la jipu shavuni na akicheka anakohoa. Alinisomesha, namjua. Huyu simjui, na nimeshachoka kupotezewa wakati."

Sijawahi kusema uongo mzuri kama ule, wala ulioniuma kama ule. Vijana wakatazamana. Mzee akavaa kofia, akatoka bila kunigeukia. Kwamba hakunigeukia nilishukuru, na iliniuma.

Wani, siku ya kuondoka, Rahima mwenyewe aliukagua mkoba wangu. Kitabu hakuwa nacho.

"Kimebaki kamatini," alisema. Kisha akajiinamia, akawa anafunga zipu ya mkoba ambayo ilikwisha fungwa. "Tulikuwa nacho nyumbani, Unguja. Mwisho alioutaja yule mzee ni mzuri zaidi. Sivyo, mwalimu?"

Macho yake yalikuwa ya mwanafunzi anayeuliza kweli. Au yalikuwa ya mwenyekiti wa kamati. Nilipima, nikapima tena, na wenzake walikuwa hatua chache nyuma yake.

"Sikumsikiliza vizuri," nikamjibu. "Mimi nilikuwa namsaka mtu mwingine."

Akanipa mkoba. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyenyoosha mkono darasani akapitwa. Kule Moroni, Bweni Mariamu alisema nilifanya vyema, hakika ulikuwa mtego. Kwangu mimi, mtaalamu wa kushuku, neno hilo la mtego ndilo pekee la safari ile nililotamani kulikataa, na sikuweza kujua kama ni kweli.

Nimerudi Tanga. Nilichojifunza ni kwamba shaka ile ile iliyonipa uongo wa kumwokoa mzee ndiyo iliyoninyima neno moja la kumjibu msichana, na sijui namna ya kuwa na moja bila nyingine. Kitabu nimekiandika upya kwa kumbukumbu, maana nakijua chote kwa moyo, na mwisho wake nimeuweka kama ulivyosemwa darasani. Kitatoka bila jina la mtu jaladani. Mchapaji amelalamika, nikamwambia mwandishi alikufa, hakuacha mrithi wa kudai kitu, na jina lisiandikwe.

Msomaji, usijisumbue kumtafuta. Hamidu si jina lake, wala mkewe haitwi Zalihata, na kitabuni hakikuwa kisima. Utaniona nimekuvunjia heshima, wewe uliyenifuata Moroni mpaka Mutsamudu na kurudi. Niwie radhi. Sikujui, na aliyeketi karibu nawe simjui.