Kitatange Aliyegoma Kula

Kitatange wetu alikuwa amegoma kula, na mimi nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba mume wangu atarudi Tanga.

Mume wangu ni mtu wa pwani. Alipostaafu alikubali tuje kuishi kwetu Tabora, akaomba kitu kimoja tu: tangi la samaki wa baharini sebuleni. Chumvi ya kuchanganyia maji yake huja kwa basi kutoka Dar, maana ya jikoni haifai. Samaki wenyewe, vitatange, walikuja wawili, bapa, wa njano, wenye vijidomo vya kudonoa. Mmoja alikonda hadi akafa. Siku hiyo mume wangu alifuta kioo taratibu, akasema, "Cha baharini huku hakikai." Jioni nikamsikia akimuuliza jirani habari za mabasi ya Tanga. Na ugali wangu alikuwa akiuacha nusu sahani.

Basi yule aliyebaki nikamshupalia. Nilimsagia kamba wa kwenye friji, nikamkatia dagaa wa Kigoma, nikampa hata chembe za kiini cha yai. Alisogea, akaonja, akatema, akaenda kujificha nyuma ya jiwe. Mimi nimebandika pua kwenye kioo: "Kula, baba. Kula basi, jamani!" Mgongo wake ulikuwa umeanza kuchongoka. Chakula alichokataa kilichafua maji, nikawa na hofu juu ya hofu. Sikuweza kupika bila kwenda kumchungulia.

Mama yangu akaja kutoka Isikizya na uyoga mkavu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani wakila. Mume wangu alimpa shikamoo yake, akaitikiwa marahaba, akatoka zake nje. Mama akala jikoni, mlango umefungwa. Alipomaliza akanikuta nimechutama mbele ya tangi.

"Huyo mgeni umemfanyaje?"

"Hali, mama. Sijui nifanye nini."

"Atakulaje na wewe umemkodolea macho? Mimi mwenyewe mkwe wangu akinitazama, tonge halishuki."

Akavua kitenge chake cha juu, akakitundika kwenye kioo kama pazia. Nilicheka, lakini sikuwa na ujanja mwingine. Nikapaka kamba waliosagwa kwenye jiwe, nikalirudisha majini, tukaondoka. Nilichambua mboga huku nikigeuka kila mara kutazama mlangoni. Tulipokuja kufunua pembe ya kitenge, jiwe lilikuwa karibu safi, na yeye bado analidonoa. Machozi yakanitoka.

"Mtu mzima unalilia kitoweo," mama akasema.

Siku ya pili, mama alipokwenda kusalimia ndugu mjini, nikamtengea mume wangu ugali na ule uyoga, nimeuunga kwa karanga. Nikajikuta nimesimama pale pale ninaposimamaga kila siku, nafuatisha kila tonge kwa macho. Nikashtuka. Nikaingia jikoni, nikakaa nimeupa mlango mgongo, masikio yamesimama. Kimya. Nikawaza basi la Tanga, nikawaza begi lake juu ya kabati. Kimya bado. Kisha akaita:

"Bibie, uyoga umebaki?"